Watu Kumi na Wanane

Mwandiko wangu ni mzuri. Hilo hata wale wasionipenda pale gatini Salvacion wanalikubali, na wasionipenda si haba. Nilisomeshwa na masista waliokuwa wakitupiga rula ya vidole kila herufi ikilegea. Ndiyo maana kazi ya orodha ilikuwa yangu. Kila asubuhi wageni wa kwenda visiwani walinifuata mezani chini ya mwavuli, wakanitajia jina, umri na mji wao, nami nikawapanga kwenye fomu yenye mistari ishirini. Nakala moja ilibaki kwa askari wa bandari, nyingine ilikwenda na boti. Boti haikung'oa nanga mpaka askari ahesabu vichwa, karatasi mkononi.

Boti yetu iliitwa Santa Marta. Yetu, yaani yangu na ya mume wangu Arsenio, ambaye ndiye aliyekuwa nahodha. Ilikuwa na mikono ya mianzi pande zote mbili ya kuisawazisha, kama ngalawa, kwani ndivyo zilivyo boti zote za huku, na kibali chake kilikuwa cha watu kumi na wanane, mabaharia wakiwa humo humo. Kwa hiyo na jaketi za kujiokolea zilikuwa kumi na nane, zimening'inizwa chini ya turubai. Ya kumi na tisa haikuwapo.

Sasa nieleze desturi yetu. Bila hiyo hutanielewa, na ukishanielewa utanichukia, potelea mbali. Mgeni wa ziada akitokea, sisi hatukuwa na moyo wa kumwacha ufukweni. Tulimtoa mpishi. Jina lake halikuandikwa, naye akashika njia ya miguu nyuma ya kilima hadi hori la pili, ambako askari haoni. Boti ikifika pale inapunguza mwendo, mpishi anaingia majini mpaka kiunoni na beseni lake kichwani, wanamvuta juu, safari inaendelea. Tuliita kupandia ng'ambo. Boti zote zilifanya hivyo na hakuna aliyeona ajabu. Mpishi ni mtu wa nyumbani, tulisema, na mtu wa nyumbani hahesabiwi.

Mpishi wetu alikuwa mdogo wangu, Divina, tuliyemzoea kwa jina la Bining. Alikuwa na miaka ishirini na minne na mdomo usiokaa kimya. Wageni walikuwa wakisahau rangi ya maji, wakisahau mapango na samaki wote tuliowaonyesha, lakini waliandika baadaye kumuulizia yule mpishi mcheshi.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa Kuu. Kwetu wazee wanasema siku hiyo Mungu amekufa, hakuna anayetuangalia. Usisafiri. Ikishafika saa tisa usioge. Kidonda cha siku hiyo hakifungi. Lakini siku hiyohiyo ndiyo Manila nzima inashuka ufukweni, na hakuna mwenye boti anayekaa nyumbani. Mama yetu alikuwa kanisani tangu alfajiri pamoja na wazee wenzake wakiimba Mateso ya Yesu, ukurasa kwa ukurasa bila kupumzika, na spika iliyofungwa mlangoni ilileta sauti zao mpaka gatini.

Nilikuwa nimeshaandika ukoo mmoja wa watu kumi na watano. Pamoja na Arsenio, Mzee Imo fundi wa mashine, na Bining, orodha ilikuwa imetimia. Mara akashuka kwenye basi mjomba wa wale watu, kofia mkononi, jasho linamtoka, amechelewa. Dada zake wakanizunguka kunibembeleza.

Bining akanivuta pembeni. "Ate," akasema. Hivyo ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Mungu kakuletea jibu. Huyo mjomba achukue nafasi yangu, mimi nikamsaidie Mama kuimba. Leo si siku ya kwenda baharini."

"Na samaki wachomwe na nani? Arsenio? Awalishe watu makaa?"

"Wale mkate. Si wamefunga?"

"Wamefunga nyama, hawajafunga tumbo. Bining, usiuvalishe uvivu wako rozari."

Akacheka, maana hakuwa mtu wa kununa. "Haya, mama mkuu wa masista. Kwa hiyo mimi leo simo?"

"Humo. Pandia ng'ambo."

"Basi leo mimi ni mzuka. Samaki watajigeuza wenyewe jikoni, wageni wapige mayowe."

Akajitwika beseni la samaki, akafunga kitambaa chake cha njano kichwani, akashika njia ya kilimani huku ndala zikipiga visigino. Mimi nikarudi mezani, na kwenye mstari wa kumi na nane, ambao siku zote ulikuwa wake, nikaandika jina la mjomba. Niliandika vizuri kabisa.

Askari wa zamu alikuwa sajini kijana anayeitwa Magbanua, mtu wa visiwa vya kusini, mwenye adabu. Alihesabu vichwa, akatazama mbingu, akaruhusu. Hali ilikuwa shwari, hilo sitamsingizia mtu.

Dhoruba ilikuja saa nane mchana. Haikudumu hata robo saa. Mwavuli wangu uliruka mpaka barabarani, mvua ikapiga bati za gatini, kisha jua likarudi kana kwamba halikuwa limeondoka. Dakika chache baadaye simu ya sajini ikalia. Santa Marta ilikuwa imepinduka kwenye mlangobahari ule wa baada ya Kisiwa cha Mbuzi, mkono mmoja wa mianzi umekatika. Boti mbili za wenzetu zilikuwa karibu na zilishaanza kuokota watu.

Ya kwanza ilifika na watu kumi na mmoja, wamelowa, wanatetemeka, watoto wanalia. Niliwatupia mataulo huku nikimtafuta Bining kwa macho. Mama mmoja kati ya wale wageni akanishika mkono. "Yule mpishi wenu, yule mcheshi, yu mzima?"

"Yupo boti inayofuata," nikamwambia. Wakati ule sikuwa nadanganya. Niliamini hivyo.

Ya pili ikaja na watu saba. Arsenio alikuwa amesimama mbele, mkono wa kulia ameushikilia kifuani, mfupa wa bega umevunjika. Hakunitazama mimi. Alikuwa akitazama watu walio nyuma yangu, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa nikitazama walio nyuma yake. Kisha macho yetu yakakutana. Sijawahi kuogopa vile maishani. Mkojo ulitaka kunitoka palepale mbele za watu.

Sajini akachukua karatasi yangu akaanza kuita. Mmoja mmoja wakajibu, "Nipo." Hata kale katoto ka miaka mitatu baba yake alikajibia. Mjomba akajibu, "Nipo," kofia imeshapotea. Sajini akapiga mstari chini ya jina la mwisho.

"Kumi na wanane," akasema kwa sauti. "Hakuna aliyepungua. Tumshukuru Mungu."

Watu wakapiga makofi. Wengine wakapiga magoti kwenye zege. Sajini akashika redio akaziambia boti nyingine mbili zilizokuwa zimefika kusaidia, na bado zinazunguka kule mlangobahari, zirudi, watu wawahi maandamano ya jioni. Nilimsikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

Arsenio alinivuta nyuma ya masanduku ya barafu.

"Alikuwa nyuma anaosha vyombo," akasema. "Tulipopinduka nilisikia sauti yake, naapa kwa Mungu. Alikuwa anaita majina ya watoto. Nikadhani yuko upande wa Imo, wamemchukua kwenye boti ya kwanza."

"Tumwambie sajini."

"Ngoja. Ngoja kwanza, Perlita. Tukimwambia, leseni imekwenda, na mimi nimekwenda jela. Na wenzetu wote watafungiwa kwa ajili yetu. Bining anaogelea kuliko mimi. Saa hizi yuko Kisiwa cha Mbuzi amekaa juu ya mwamba anatutukana. Imo achukue mtumbwi wa mashine aende kimya kimya. Saa moja tu."

"Ana jaketi?"

Sote wawili tulijua jaketi zilikuwa ngapi.

"Saa moja tu," nikasema.

Ni mimi niliyesema. Watu wa hapa wanamtupia Arsenio lawama zote, na yeye kwa wema wake amekubali kuzibeba. Lakini yeye alikuwa na mfupa uliovunjika na akili iliyotikiswa. Mimi nilikuwa mzima. Mdomo wangu, ambao haujawahi kushindwa kumsema mtu yeyote pale gatini, siku ile niliufunga kwa hiari yangu.

Mzee Imo akaondoka na mtumbwi bila kuuliza swali. Mimi nikachemsha maji, nikawapa wageni tangawizi, nikafuta watoto vichwa. Ilipita nusu saa, Mama akatokea. Alikuwa amepewa zamu ya kupumzika kanisani, amekuja mbio na kanga ya kichwani imemwangukia shingoni.

"Wametangaza wote wazima," akasema huku akihema. "Nimelia jamani. Bining yuko wapi?"

"Amebaki kisiwani, Mama. Anaosha vyombo. Imo amemfuata."

Sijui yale maneno yalitoka wapi. Yalitoka kirahisi tu, kama jina na umri na mji.

"Maskini, na baridi hii. Mwambie nimemwekea viazi vya nazi, nimefunika na sahani asije paka akala. Avikute kabla ya maandamano." Akanipapasa shavu, akarudi kuimba. Baada ya muda nikaitambua sauti yake kwenye spika, ile sauti yake iliyopasuka. Walikuwa wamefikia pale mama anapomtafuta mwanawe njiani katikati ya watu. Nilitamani umeme ukatike.

Sajini alikuja kukaa karibu nami, amevua kofia. Alikuwa na furaha ya kijana ambaye siku yake mbaya imeisha vizuri. "Mama Perlita, orodha yako ndiyo imetuokoa leo," akasema. "Magati mengine wanaandika kama kuku kakanyaga wino. Hii yako mtu anasoma hata akiwa analia."

"Asante," nikasema.

Saa moja ikaisha. Nikajiambia Imo hajarudi kwa sababu amemkuta na wanapakia vyombo. Nikajiambia robo saa nyingine. Kisha nyingine. Kila robo iliyopita ilinifanya niogope zaidi kusema, maana sasa ningeulizwa kwa nini sikusema mapema. Mtu hajui jinsi jambo hilo lilivyo mpaka limkute. Unadhani unamsubiri mtu, kumbe unajificha.

Imo alifika karibu saa kumi na moja. Mtumbwini alikuwa peke yake na lile beseni. Alilikuta linaelea karibu na ufukwe wa Kisiwa cha Mbuzi.

"Nimekizunguka kisiwa mara mbili," akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Nimepanda hadi juu. Hayupo, mwanangu. Hajafika pale."

Arsenio akaanza, "Labda upande wa..." Sikumsikiliza. Nilitembea mpaka kwa sajini.

"Sajini, kuna mtu mmoja hajarudi."

Akaichukua karatasi mezani, akaitazama, akanitazama. "Nani tena? Nimewaita wote."

"Hayumo humo. Yumo baharini. Ni mdogo wangu. Alipandia ng'ambo."

Akaanza kuyahesabu tena majina kwa kidole, kisha akaacha. "Umejua tangu saa ngapi?"

"Tangu saa tisa na nusu."

Akageuka akatazama saa ya ukutani. Hakunifokea. Laiti angenifokea. Alivaa kofia yake akatoka mbio huku akiita kwenye redio, na wanaume waliokuwa wameshavaa nguo za maandamano wakavua mashati wakaingia kwenye boti zao, kila boti iliyokuwa gatini, hata zile mbovu. Jua la kwetu huzama saa kumi na mbili.

Nilikwenda kanisani mimi mwenyewe. Mama alikuwa mbele, ameshika kipaza sauti, kitabu kiko mapajani. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia. Wenzake walinyamaza. Yeye alinitazama, mdomo uko palepale kwenye kipaza sauti.

"Uliniambia anaosha vyombo," akasema.

Mji mzima ulisikia. Gatini walisikia, na wale waliokuwa kwenye boti za karibu walisikia. Hajanipigia kelele hata siku moja toka hapo, na hana haja. Majuto ni mjukuu, wanasema watu. Mimi wangu alizaliwa jioni ile ile.

Walimkuta Jumamosi asubuhi, mbali kusini, nje ya mlangobahari. Ule mkono wa mianzi uliokatika ulikuwa bado unaelea, na Bining alikuwa amejifunga nao kwa kamba za aproni yake, amepitisha kifuani na chini ya makwapa. Daktari alisema hakuzama. Alikufa kwa kuchoka na baridi, akakadiria kwamba ni usiku ulipokuwa umeanza kuingia. Ngozi ya kifuani ilikuwa na alama tatu za kamba mahali tofauti, kwa hiyo alijifungua na kujifunga upya kila ilipolegea. Na kwenye ncha ya mwanzi ile iliyokuwa juu ya maji alikuwa amefunga kile kitambaa cha njano, ili kipepee tuone.

Sajini alichukua ramani akapima mwendo wa mkondo. Hakutaka kunionyesha, nikamlazimisha. Saa tisa na nusu, boti zile mbili zilipoambiwa zigeuze, Bining alikuwa nusu kilomita kutoka kwao. Inawezekana aliziona zikigeuza. Nimejaribu kuliweka jambo hilo mahali pengine kichwani mwangu, lakini halina mahali pengine.

Tulimlaza nyumbani siku tatu kama ilivyo ada, jeneza sebuleni, watu wanaingia na kutoka, wanakunywa kahawa. Arsenio hakuwepo. Alijipeleka mwenyewe kituoni na bega lake limefungwa, wakambakiza huko. Boti zote za gati zilifungiwa, na wenzetu waliokuja kunipa pole walinipa mkono bila kunitazama. Mama alikaa kwenye kiti karibu na kichwa cha jeneza. Bakuli la viazi vya nazi alikuwa amelimwaga mwenyewe chini ya mgomba, akaliosha, akalirudisha kabatini.

Siku ya tatu alasiri akaja sajini, kofia kwapani, amebeba bahasha. Alisali kwanza. Kisha akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, Mama Perlita. Taarifa haiwezi kwenda wilayani kabla ya jina lake kuwa kwenye orodha. Ningeweza kuandika mimi. Lakini mwandiko ni wako."

Akanipa ile karatasi na kalamu. Niliiweka juu ya goti langu. Majina yote kumi na manane yalikuwapo, yamenyooka, na ule mstari wa sajini chini ya jina la mjomba. Chini yake ulikuwapo mstari wa kumi na tisa, mtupu, na wa ishirini nao mtupu. Ilikuwa mitupu hivyo tangu asubuhi ile. Karatasi haikuwa imenikataza chochote.

Nikaandika jina lake kamili, miaka ishirini na minne, mwenyeji wa Salvacion. Herufi zilinyooka kama zile nyingine, na nilichukia kwamba zilinyooka.

"Umemwandika?" Ilikuwa sauti ya Mama. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu kanisani.

"Nimemwandika, Mama."

"Msome. Sauti itoke, kama walivyosomwa wale wengine."

Nikasimama. Sajini akatazama chini. Nikaliita jina la mdogo wangu kwa sauti, katikati ya sebule yetu, mbele za watu wote.

Mama aliinamisha sikio kuelekea jeneza na kukaa hivyo kwa muda, anampa nafasi ya kujibu. Kisha akajiweka sawa kitini, akaniambia niende jikoni, kahawa ya watu imekwisha.